Mafuta ya Kadi, Laini ya Mangware

Nikitoka shifti ya usiku siendangi keja kwanza. Nakata kona, nashika njia ya Maple Grove, napanga ndai kwa laini. Ni mangware, nje kuna ile baridi ya Minnesota ya kufinya masikio, na tayari kuna ndai kama kumi mbele yangu, zote zimewasha hita. Hakuna mtu anapiga honi. Kila msee anajua kilichomtoa kwa blanketi: pampu za Costco, lile duka la jumla la wanachama, ziko chini ya bei ya stesheni ya kona, na hiyo tofauti, ukiikalia chini na kuihesabu, ni doo ya ukweli.

Mi naishi Brooklyn Park. Wakenya huku tumejaa hadi ukienda kutafuta unga unaweza skia Kisii, Kikuyu na Sheng kwa laini moja ya kulipa. Nilipofika, mbogi ya mtaa ilinipea rada ya vitu tatu: nunua jaketi ya maana, usichezee deni za kadi, na chukua uanachama wa Costco. Hiyo ya tatu ilinichukua muda kuishika. Mi nimekulia Umoja, Nairobi. Kwetu unaingia stesheni, unaambia msee wa pampu "weka ya soo tano," unaishia. Hubongi na yeye mambo ya bei juu bei imetoka EPRA, mamlaka ya serikali ya kupanga bei ya mafuta: tarehe 14 jioni wanaitangaza, saa sita usiku inaanza kuguza watu, inakaa mwezi mzima. Sasa mtu ananiambia nilipe dola 65 kwa mwaka ndio nikubaliwe kununua petroli? Nilimcheki tu.

Halafu nikaanza kudelivari chakula wikendi, na ndai ikaanza kumanga mafuta kuniliko. Hapo ndio nilishika kalamu.

Ndai yangu ni Corolla. Nikifika kwa pampu nadunga kedo galoni 11, na galoni moja ni lita 3.785. Tuseme Costco iko chini na senti 25 kwa galoni. Hapo nimeokoa dola 2.75 kwa tangi moja. Wiki moja najaza mara mbili, kwa hivyo mwaka ni mara 104, na hiyo inafika dola 286. Toa zile 65 za kadi, nabaki na 221. Hiyo ni karibu ngiri 28 pesa ya Kenya. Mathe akitumiwa hiyo Januari, watoto wa sistee wanaingia shule na sare mpya.

Lakini piga hesabu ya msee anaenda jobo na basi, anajaza tangi moja kila wiki mbili. Huyo kwa mwaka ameokoa dola 71 na senti 50. Ukitoa kadi, amebaki na 6.50. Na kama anaishi mbali, maili 8 kwenda na 8 kurudi, ameshachoma nusu galoni njiani, dola moja na nusu hivi, ndio aende kuokoa dola mbili na robo tatu. Huyo namwambia waziwazi: usilipie kadi juu ya mafuta peke yake. Lipia kama keja yenu inamanga mchele wa gunia. Na kuna kitu wengi hawajui: ukilipia uanachama unapewa kadi ya pili ya bure ya mtu mzima mnaishi na yeye keja moja. Sisi tuko watatu kwa nyumba. Gunia la mchele, debe la mafuta ya kupika, kuku wa kugandishwa, tunagawa kama chama, vile tunagawa kodi.

Wacha nieleze venye hiyo bei ya chini ya Costco inawezekana, juu hapo ndio stori iko.

Mzae mmoja anaitwa Sol Price alifungua duka linaitwa Price Club huko San Diego mwaka wa 1976, ndani ya jengo la zamani la kuegesha ndege. Wazo lake lilikuwa simpo: lipa ada ya kuingia, kisha nikuuzie vitu na faida ndogo sana. 1983 Costco ikafunguliwa Seattle kwa mtindo huo huo, na mwaka huo huo Sam Walton wa Walmart akafungua Sam's Club ya kwanza, Oklahoma. 1993 Price Club na Costco zikaungana. Pampu za mafuta zikaingia 1995. Ile ada ya kadi ndio mgongo wa biashara yote. Mwaka wa fedha wa 2024 pekee, Costco ilikusanya karibu dola bilioni 4.8 za uanachama. Sasa fikiria hapo. Mtu ambaye ameshakula faida yake kwa kadi, petroli kwake ni sababu tu ya wewe kukanyaga hapo kila wiki. Ukishajaza tangi, mlango wa duka uko pale, na ndani kuna soseji kwa mkate na soda kwa dola moja na nusu, bei haijasonga tangu miaka ya themanini. Unaingia kununua maziwa, unatoka na troli.

Stesheni ya kona haina hiyo njia. Kuna buda mmoja karibu na kwetu mwenye stesheni ya pampu nne, mtu wa Ethiopia, tumezoeana juu nanunuanga chai yake usiku. Aliniambia kitu sijasahau. Kwa kila galoni anabaki na senti za kuhesabu kwa vidole, na ukilipa na kadi, benki inakata yake hapo hapo. Kahawa, sigara, barafu, tikiti za bahati nasibu, hizo ndio zinalipa taa. Na hayuko peke yake. Zaidi ya nusu ya haya maduka ya pampu Marekani ni ya mtu mwenye duka moja tu. Kwa hivyo ukiona bei yake iko juu, usidhani anakukamua. Lori moja la mafuta linaweza kumkalia siku mbili. Costco yenye laini kama yetu inapokea lori zaidi ya moja kwa siku.

Hata pampu zenyewe zimetengenezwa kwa haraka. Ndai zote zinaingia upande mmoja, mipira ni mirefu hadi inafika tangi ya upande wa pili, na kuna msee wa jaketi la kung'aa anakuelekeza usonge. Wageni wanakaanga kungoja upande wa tangi lao, laini inasimama bure. Usifanye hivyo. Vuta mpira, utafika. Halafu pesa taslimu haziendi hapo: ni Visa ama kadi ya benki. Na kama hauna uanachama, msee mwenye nao anaweza kukununulia kadi ya zawadi ya Costco, na hiyo pampu inaikubali. Wasee wapya kwa mji wengi wameanza na hiyo.

Sasa kuna kitu nilianza kuona baada ya miezi kadhaa, na hicho ndicho kimenifanya niandike. Nikidelivari napita mitaa mingi, na kila stesheni ina bao kubwa la bei unaliona ukiwa barabarani, hadi na ile tisa ndogo ya mwisho, sehemu tisa kwa kumi za senti. Nikaona stesheni zilizo karibu na Costco ziko chini kuliko zile za maili tano mbele. Kampuni ile ile, rangi ile ile, mafuta ya depo zile zile, bei tofauti. Stesheni ya Holiday ikishusha, ile ya Kwik Trip ya kona ya pili inashusha. Wachumi wameipima hii kwa miji mingi ya Marekani na wakapata kitu kile kile: duka la jumla likifungua pampu, majirani wanashuka senti kadhaa. Hiyo inamaanisha laini yetu ya mangware inamsaidia mama ambaye hajawahi kukanyaga Costco, hana kadi, na hana muda wa kungoja dakika ishirini. Anajaza kwa kona na analipa kidogo juu kuna mtu mkubwa jirani ambaye hahitaji faida ya mafuta.

Na huku watu wanachunga bei vikali. GasBuddy, ile programu ya simu ambapo wasee wanaweka bei za stesheni walizopita, ilianza kama tovuti hapa hapa Minnesota mwaka wa 2000. Miji mingi ya upande huu ina tabia ya ajabu: bei inaruka siku moja, stesheni zote karibu pamoja, halafu inashuka polepole wiki nzima hadi iruke tena. Kupanda ni kama roketi, kushuka ni kama unyoya, na wachumi wenyewe ndio waliiita hivyo. Ukishajua mdundo, unajaza kabla ya siku ya kuruka. Mi naicheki simu kila jioni.

Lakini si kila jimbo linapenda hii vita. Vuka mto wa St. Croix uingie Wisconsin, utakuta sheria ya 1939 inayosema stesheni haiwezi kuuza bila kuongeza asilimia 9.18 juu ya bei ya wastani ya depo. Minnesota nayo ilipitisha yake 2001 ya kuzuia kuuza chini ya gharama. Sababu ni huyo buda wa pampu nne: wanaogopa mkubwa auze hasara hadi wadogo wafunge, halafu apandishe. Naielewa hiyo hofu, na buda ni rafiki yangu. Lakini pesa ya kumlinda inatoka kwa mfuko wa msee wa shifti ya usiku, na hapo mi nasimama na huyo wa shifti.

Sasa linganisha na kwetu. Marekani kuna majimbo yameweka sakafu. Kenya tumeweka dari. Bei ziliachiliwa huru 1994, halafu Desemba 2010 serikali ikarudisha bei ya juu kabisa, na hadi leo EPRA inaitoa kwa kila mji: Mombasa inakuwa chini kuliko Nairobi juu mafuta yanashukia bandarini, yanalipa bomba kupanda. Dari ni kitu kizuri. Nakumbuka Septemba 2023 petroli ikifika 211.64 Nairobi, mara ya kwanza kuvuka soo mbili, na bila dari sijui mitaa ya mbali wangelipishwa ngapi. Shida ni venye tumeizoea. Wasee wanadhani bei ya EPRA ndio bei. Sio. Ni mwisho wa juu. Stesheni inaruhusiwa kuuza chini yake, na ziko zinazouza chini na shilingi moja, mbili, hasa zile ndogo za barabara za kutoka tao. Lakini wengi wanasimama hapo hapo kwa dari, juu kila mtu ameona mwenzake amesimama hapo.

Na kuna hofu nyingine ya haki kabisa: petroli rahisi tunadhani imechanganywa na mafuta ya taa. Tumechoma injini za kutosha. Ndio serikali ikaongeza ushuru wa mafuta ya taa Septemba 2018, shilingi 18 kwa lita, na EPRA wanaweka alama ndani ya mafuta ndio wakipima wajue yamechezewa. Stesheni ya bei ya chini iliyopita hicho kipimo inafaa kuwa na laini ya nduthi hadi barabarani. Mara nyingi haina, juu wasee hawajui.

Brathe yangu ako na nduthi, anabeba watu Umoja hadi Donholm. Kwa siku anachoma lita nne hivi, siku 26 kwa mwezi, lita 104. Akipata stesheni ya chini na shilingi mbili, anaokoa soo mbili na kitu. Ile senti 25 yangu ya galoni ukiibadilisha ni kama shilingi nane na nusu kwa lita. Akiipata hiyo, ni karibu soo tisa kila mwezi. Hiyo ni tairi mpya baada ya miezi michache.

Oktoba 2025, petroli Nairobi ikiwa 184.52, alinipigia nikiwa kwa laini. Akaniuliza pampu inasoma ngapi. Nikamwambia dola 3.05. Akaomba nimgeuzie, nikamgeuzia: kama 104 kwa lita. Akanyamaza kidogo, nikaskia honi za matatu nyuma yake. Nikamwambia sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni ushuru na yeye haiwezi. Lakini ile ndogo, ya stesheni moja na nyingine, aiulize.

"Niulize nani?"

"Msee wa pampu. Mwambie EPRA wamesema 184 na finje, nyinyi mnauza ngapi?"

Akasema kuna moja ya Kangundo Road ameonanga bao lake liko chini na shilingi na kitu, lakini hajawahi kuingia, hajui kama ni mafuta safi. Atapita hapo kesho na wasee wawili wa stage, mmoja ajaze, wacheki injini wiki moja. Ndai ya mbele yangu ikasonga. Nikamwambia asikate, nikavaa glavu, nikashuka kufungua tangi.