Nasaba Haisakwi kwa Siku Moja

Miritini, Mombasa, ni mtaa wa wahamiaji. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, kisha bandari na viwanda, vilivuta watu kutoka bara na pwani. Kwa hiyo nasaba za hapa zimetawanyika, na kuziulizia kwenye matanga tu hakutoshi. Swali moja kila jioni hufika mbali zaidi: bibi akitaja jina leo, kesho hukumbuka mwenye jina alishukia stesheni gani. Jina hilo ndilo la kutafutwa kwenye cheti cha ubatizo, hati ya shamba, au kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, kilichoandikwa mwajiri na mshahara.

Wapo wasemao kumbukumbu za wazee hupotoka. Ni kweli, ila karani wa kikoloni naye aliandika majina alivyoyasikia. Dawa ni kulinganisha. Pingamizi zito ni aibu. Vituo vya wamisionari vya Rabai na Frere Town, hicho cha pili kikiwa kimeanzishwa mwaka 1875, vilipokea watu waliokombolewa utumwani, na baadhi ya koo hunyamazia asili hiyo. Hapo mwulizaji aandike, lakini asirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla mwenye habari hajaridhia.