Mama aliyemshikia mwanawe kiti

Watoto wakiuliza habari za wafalme wa kwanza wa Misri, wengi tunaanza na Narmer, aliyetawala miaka 5,000 hivi iliyopita. Mimi huanza na Merneith. Wataalamu wanaamini mwanawe, Den, alirithi ufalme akiwa mdogo, mama akatawala kwa niaba yake.

Flinders Petrie alipochimba kaburi lake Abydos mwaka 1900, alidhani ni la mfalme mwanamume, jinsi lilivyo kubwa! Muhuri wa kaburi la Den unamtaja pamoja na wafalme: “Mama wa Mfalme”.

Kulizunguka kuna makaburi madogo yapatayo 40, ya watumishi wake. Yaelekea waliuawa wamfuate. Binti yangu akauliza kama nao walikuwa na mama.