Steringi Hafi: Je, Hao Wengine ni Nani?

Sote twaujua ule usemi wa vijana kwamba steringi hafi. Katika sinema za vita risasi humpita kando, na wanaoanguka karibu naye hata majina yao hatuyapati. Lakini hebu tujiulize: ni nani huamua fulani awe steringi na fulani awe wa kuanguka tu?

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tazama Objective, Burma!, sinema ya Marekani ya mwaka 1945. Errol Flynn anaongoza wanajeshi wa Kimarekani walioshuka kwa miavuli katika misitu ya Burma. Ilipofika Uingereza, watu waliwaka kwa hasira, ati Wamarekani wamewanyang'anya vita vyao! Ikaondolewa, isirudi hadi 1952. Haya, Mwingereza alilalamika kwamba amesahauliwa. Je, Mwafrika? Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipenya Bonde la Kabaw katika mvua na matope hadi Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hao hawakuwa na studio wala gazeti la kuwapigia kelele.

Kuna na namna nyingine: kuonekana bila kujulikana. Zulu, ya mwaka 1964, inahusu mapigano ya Rorke's Drift, Januari 1879. Wazulu wamejaa tele, na ushujaa wao haufichwi. Mangosuthu Buthelezi, aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri wa Afrika Kusini, aliigiza Mfalme Cetshwayo, baba wa babu yake mzaa mama. Hata hivyo, wanaotaniana, wanaoogopa na wanaobishana ni Waingereza. Mzulu ni umati unaoteremka mlimani. Asiyesoma historia hatatambua kwa urahisi kwamba Waingereza ndio walioivamia nchi yake mwezi huo huo.

Labda mtu atasema, "Lakini zamani ndivyo ilivyokuwa." La hasha! Katika Sahara ya mwaka 1943, sinema ya Humphrey Bogart, mwigizaji Mmarekani mweusi Rex Ingram ni Sajini Meja Tambul wa Sudan. Ana jina, ana cheo, anajua mahali pa kutafuta maji jangwani, na anakufa akiwaokoa wenzake. Wakati huo jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa likitenganisha weusi na weupe. Rais Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi huo mwaka 1948. Kumbe sinema ilitangulia jeshi!

Ndugu zangu, mambo haya si mchezo. Mtoto anayekua akitazama vita visivyo na babu yake ataamini kwamba babu hakuwapo. Wazee wengi wa Keya wametangulia mbele ya haki, nao hawawezi kumsahihisha.

Basi siku nyingine ukikaa mbele ya sinema ya vita, uliza maswali matatu. Nani ana jina? Nani anasema? Anayekufa anakufa kwa sababu gani? Na tunapotunga michezo yetu ya kuigiza hapa shuleni, mlinzi, mpishi na hata adui tuwape majina, nao waseme.