Historia ya utalii wa Waingereza

Historia ya utalii wa Waingereza inahusu jinsi desturi ya kusafiri kwa ajili ya mapumziko ilivyokua nchini Uingereza, kutoka starehe ya matajiri wachache katika karne ya 17 na ya 18 hadi jambo la kawaida kwa watu wengi katika karne ya 20. Mabadiliko hayo yalitegemea mambo matatu: muda wa kupumzika, fedha za safari na usafiri wa bei nafuu. Matajiri walikuwa na muda na fedha tangu zamani. Kwa wafanyakazi wa viwandani mambo hayo yalikuja moja baada ya jingine, na likizo yenye malipo ndiyo iliyochelewa zaidi.

## Hija na siku takatifu

Katika Enzi za Kati safari nyingi za watu wa kawaida zilizokuwa nje ya kazi na biashara zilikuwa za hija. Mahali palipojulikana sana ni Walsingham, katika Norfolk, na Canterbury, ambako askofu mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa kuu mwaka 1170. Siku za mapumziko nazo zilikuwa siku za dini: neno la Kiingereza *holiday* linatokana na maneno yenye maana ya "siku takatifu".

Wakati wa mfalme Henry VIII sikukuu nyingi za watakatifu zilipunguzwa, hija zikakatazwa, na kaburi la Becket likabomolewa mwaka 1538.

## Chemchemi, bahari na safari za matajiri

Baada ya hapo sababu kuu ya kusafiri ikawa afya. Madaktari waliwaelekeza wagonjwa wao matajiri kwenye chemchemi za maji yenye madini. Mji wa Bath, wenye maji ya moto yaliyotumiwa tangu zamani za Warumi, ukawa mahali pa kukutania watu wa tabaka la juu katika karne ya 18. Wengi walifika kwa ajili ya dansi, kamari na kutafuta wachumba kuliko kwa ajili ya dawa.

Huko Scarborough, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki, chemchemi ya namna hiyo ilikuwa karibu na ufuko, hivyo wageni walianza pia kuoga baharini. Katika miaka ya 1750 daktari Richard Russell alifundisha kwamba maji ya bahari yanaponya magonjwa, hata kwa kuyanywa. Alifanya kazi yake Brighton, kijiji cha wavuvi wakati ule. Mwanamfalme aliyekuja kuwa mfalme George IV alifika huko mara ya kwanza mwaka 1783 na baadaye akajenga ikulu. Waogaji waliingia majini kutoka vibanda vya mbao vyenye magurudumu vilivyovutwa na farasi, ili wasionekane wakibadilisha nguo.

Vijana wa familia tajiri walifanya pia "Safari Kuu" ya miezi au miaka katika Ufaransa na Italia ili kujifunza sanaa, lugha na adabu. Vita vya Uingereza na Ufaransa vya miaka 1793-1815 vilizuia safari hizo. Wasafiri wengi wakageukia milima ya Wales, Uskoti na Wilaya ya Maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza.

## Reli

Safari kwa gari la farasi ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Reli ilibadilisha hali hiyo. Njia ya London hadi Brighton ilikamilika mwaka 1841. Mwaka huohuo, tarehe 5 Julai, Thomas Cook alikodi treni iliyochukua watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Kila mmoja alilipa shilingi moja. Mwaka 1844 Bunge liliagiza kampuni za reli ziwe na angalau treni moja kila siku yenye mabehewa ya kufunikwa na nauli isiyozidi peni moja kwa maili.

Si wote waliofurahia. Mwaka 1844 mshairi William Wordsworth, aliyekuwa ameandika kitabu cha kuwaongoza wageni katika Wilaya ya Maziwa, alipinga reli kujengwa hadi Windermere. Alihofia kwamba makundi ya wafanyakazi kutoka miji ya viwanda yangeharibu utulivu wa eneo hilo. Reli ilifika mwaka 1847, lakini swali la nani ana haki ya kufurahia mandhari ya nchi liliendelea.

Cook alianza kupeleka Waingereza katika bara la Ulaya mwaka 1855 na Misri mwaka 1869. Biashara yake ilihusiana pia na ukoloni: mwaka 1884 serikali iliitumia kampuni hiyo kusafirisha jeshi kwenye mto Nile lililotumwa kumwokoa jenerali Gordon huko Khartoum.

## Likizo ya wafanyakazi

Treni ya bei nafuu haikumsaidia mtu asiyeruhusiwa kutoka kazini. Sheria ya mwaka 1850 iliagiza kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo ikome saa 8 mchana siku ya Jumamosi. Mwaka 1871 sheria iliyopendekezwa na mbunge John Lubbock iliongeza siku za mapumziko ambapo benki zilifungwa, ikiwemo Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Biashara nyingine nyingi zilifunga siku hizo pia.

Katika miji ya pamba ya Lancashire viwanda vilifungwa kwa wiki moja wakati wa kiangazi, kila mji kwa zamu yake, na mitambo ikakarabatiwa. Wiki hiyo haikuwa na mshahara. Familia ziliweka akiba kidogokidogo mwaka mzima katika vyama vya akiba, kisha majirani na wafanyakazi wenza walipanda treni pamoja kwenda Blackpool. Reli ilikuwa imefika huko mwaka 1846. Mji ulipata gati la matembezi mwaka 1863, tramu za umeme mwaka 1885 na mnara wenye kimo cha mita 158 mwaka 1894. Wageni walipanga vyumba katika nyumba za watu. Mara nyingi walinunua chakula wenyewe na mwenye nyumba akawapikia.

Mwaka 1938 Bunge lilipitisha Sheria ya Likizo yenye Malipo. Haikumlazimisha kila mwajiri, bali iliziwezesha bodi za kupanga mishahara kuagiza wiki moja ya likizo kwa mwaka, na mapatano ya vyama vya wafanyakazi yaliieneza haki hiyo. Haki ya kisheria kwa karibu wafanyakazi wote ilikuja mwaka 1998 tu, kufuatana na kanuni za Umoja wa Ulaya.

Biashara ilijiandaa mapema. Mwaka 1936 Billy Butlin alifungua kambi ya likizo huko Skegness. Kwa malipo yaliyolinganishwa na mshahara wa wiki moja, familia ilipata kibanda cha kulala, chakula na burudani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kambi hizo zilijaa watu.

## Mashambani na milimani

Wafanyakazi wengine walipenda kutembea milimani, lakini sehemu kubwa ya nyanda za juu ilikuwa mali binafsi iliyotengwa kwa uwindaji wa ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wa Manchester, waliingia kwa makusudi katika eneo la Kinder Scout. Watano kati yao walifungwa gerezani. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo la Peak District, lenye Kinder Scout, likawa hifadhi ya kwanza.

## Ndege na jua la Hispania

Mwaka 1950 Vladimir Raitz alipeleka wateja kwa ndege ya kukodi hadi Calvi, katika kisiwa cha Corsica. Walilala katika mahema, na bei moja ilijumlisha ndege, malazi na chakula. Nyama ilikuwa sehemu ya mvuto, kwa kuwa Uingereza iliendelea kuigawa kwa kipimo hadi mwaka 1954.

Mtindo huo wa bei moja ulienea miaka ya 1960 na 1970, hasa kuelekea Hispania, ambako Benidorm iligeuka kutoka mji wa wavuvi kuwa mji wa maghorofa. Hata kanuni ya miaka 1966-1969, iliyomruhusu msafiri kutumia paundi 50 tu za fedha za kigeni, haikuizuia. Tangu miaka ya 1990 ndege za nauli nafuu, kama zile za easyJet iliyoanzishwa mwaka 1995, ziliwawezesha watu kupanga safari wenyewe. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ilifilisika, na serikali ikalazimika kuwarudisha nyumbani watalii wapatao 150,000.

## Miji ya pwani baadaye

Faida ya Hispania ilikuwa hasara ya pwani ya Uingereza. Hoteli nyingi zilikosa wageni, na baadhi ziligeuzwa vyumba vya kupanga kwa watu wa kipato kidogo. Blackpool bado inapokea wageni wengi, lakini baadhi ya mitaa yake ni kati ya maeneo maskini kabisa ya Uingereza. Miji mingine ilijaribu njia mpya: Margate ilifungua jumba la sanaa la Turner Contemporary mwaka 2011.

## Afrika ya Mashariki

Neno "safari" liliingia katika Kiingereza kutoka Kiswahili katika karne ya 19. Mwanzoni lilihusu misafara ya wapelelezi na wawindaji. Leo humaanisha hasa utalii wa kutazama wanyamapori, na Waingereza ni kati ya watalii wanaofika kwa wingi nchini Kenya na Tanzania.