Olunga na madarasa yasiyo na walimu Balambala

Kuna ubishi unaopenda kuzuka shuleni kila jina la Michael Olunga linapotajwa. Mwanafunzi aliyechoshwa na kitabu husema: niacheni nicheze, Olunga ametajirika kwa miguu. Mwalimu naye hujibu kwamba kandanda ni mchezo tu, haimlishi mtu. Nathubutu kusema kwamba wote wawili hawajaisoma vyema safari ya mshambulizi huyo.

Itakumbukwa kwamba Olunga, aliyezaliwa mwaka 1994, alipitia Shule ya Upper Hill, Nairobi, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kusomea uhandisi unaohusu vipimo vya ardhi na ramani. Mwaka 2015, alipoifungia Gor Mahia mabao 19 katika ligi ambayo klabu hiyo iliitwaa bila kushindwa hata mara moja, alikuwa bado mwanafunzi. Ndiyo asili ya lile jina la "Injinia" ambalo mashabiki humwitia.

Wanaomsifu hukimbilia mabao matatu aliyoifungia Girona dhidi ya Las Palmas mwezi Januari 2018, ambapo alikuwa Mkenya wa kwanza kufunga matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Uhispania. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyotangulia na yaliyofuata. Baada ya msimu mmoja Uswidi na Djurgården, alinunuliwa na klabu ya China mapema 2017. Mara kanuni za huko zikapunguza idadi ya wageni uwanjani, nafasi yake ikafinyika, akatolewa kwa mkopo. Mwaka 2018 akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, na msimu huohuo klabu ikashushwa daraja. Wengi wangetafuta mlango wa kutokea. Yeye alibaki. Tarehe 24 Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja, Kyoto Sanga wakilazwa 13-1. Na mwaka 2020, waliporejea ligi kuu, akapachika 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Sioni ajabu kwamba uvumilivu wa aina hiyo ulitoka kwa mtu aliyezoea kutoka mazoezini na kukabili mitihani.

Sasa tuitazame Balambala. Kijana wa huko, ukingoni mwa Mto Tana, ana miguu kama ya kijana yeyote wa Nairobi, na pengine imekomazwa zaidi na mwendo wa kufuata mifugo. Lakini kipaji cha mwanafunzi huonekana katika michezo ya shule, na michezo hiyo haijiendeshi. Yupo mwalimu anayepanga timu, anayepuliza kipenga jioni badala ya kwenda zake nyumbani, anayesafiri na wachezaji na kuwarudisha salama.

Mwalimu huyo ndiye aliyeadimika. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti iyo hiyo, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu aliyeondoka, hakuna mshahara unaolingana na uhai. Hata hivyo, mwalimu wa hesabu anapoondoka katika shule yenye walimu wachache, mara nyingi ndiye pia aliyekuwa kocha. Mtoto hunyang'anywa kitabu na mpira kwa siku moja.

Dawa inayotajwa ni kuwafunza ualimu vijana wa Balambala wenyewe. Ni dawa nzuri, ila haiponyi haraka: kijana wa kwenda chuoni sharti kwanza afundishwe na mtu fulani hadi afaulu, na mtu huyo ndiye tunayemtafuta. Katika miaka hiyo ya kungoja, usalama wa mwalimu mgeni hauna badala yake.

Nao viongozi wa soka, wanapozunguka nchi wakimtafutia Olunga mrithi katika Harambee Stars, wangeanza kwa kuhesabu shule za Garissa zilizo na mwalimu wa michezo, kisha hesabu hiyo waifikishe kwa waziri wa elimu.