Kuacha Mbio Si Kushindwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nimewafundisha wanafunzi wangu wa isimu kwa zaidi ya miaka 15. Hata hivyo, mnamo Februari mwaka 2025 nilisimama mjini Moshi kwenye mstari wa kuanzia mbio za Kilimanjaro Marathon nikiwa na homa mwilini na neno "sijambo" mdomoni.

Mimi ni mzawa wa Mbooni, Makueni. Anayeijua milima ile atakubali kwamba mtoto wa huko hukimbia kabla ya kujua kuwa kukimbia ni mchezo. Njia ni ya kupanda au ya kushuka, na matuta ya kuzuia mmomonyoko yamepangwa mlimani mithili ya ngazi. Tena Ukambani ndiko alikotoka Cosmas Ndeti, aliyeshinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, tangu 1993 hadi 1995. Mimi si wa daraja lake hata kidogo. Ni mwalimu wa miaka 46 anayekimbia alfajiri ili tumbo lisimtangulie darasani.

Safari hii, lakini, sikuwa nakimbia kwa ajili ya tumbo. Jamaa na marafiki walikuwa wameahidi kutoa, wote kwa jumla, shilingi 2,000 kwa kila kilomita nitakayoikamilisha, ili shule ya msingi niliyosomea inunuliwe tangi la maji. Kilomita 42 zingeleta shilingi 84,000. Hesabu hiyo ilibandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu, na watoto waliisoma.

Niliondoka Mbooni siku ya Alhamisi, nikapitia Emali na Loitokitok, nikavuka mpaka Tarakea na kuteremka hadi Himo, kisha Moshi. Ijumaa jioni viungo vikaanza kuniuma. Nikasema ni uchovu wa matatu. Usiku wa kuamkia Jumapili nilitetemeka chini ya mablanketi mawili. Nikameza vidonge vya kutuliza maumivu, jasho likanitoka, homa ikashuka, nami nikajidanganya kwamba nimepona.

Pale mstarini kijana mmoja aliniamkia, "Shikamoo mwalimu, hujambo?" Nikamjibu, "Marahaba, sijambo." Msomaji mpendwa, hebu tuitazame salamu hii. Anayeuliza "hujambo" anauliza iwapo huna jambo, na adabu inamtaka aulizwaye akane kwanza. Hata aliyelazwa hospitalini hujibu "sijambo", kisha ndipo huongeza "lakini" na kuanza kueleza yanayomsibu. Lugha imetupa njia nzuri ya kutomtwisha mwenzetu mizigo yetu asubuhi na mapema. Kosa ni letu sisi tunaoishia kwenye "sijambo" na kuimeza ile "lakini".

Sehemu ya kwanza ya mbio zile hufuata barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam, kisha wakimbiaji hurejea mjini kabla ya kuupanda mlima kuelekea Mweka. Nilikwenda vizuri kwa saa moja na ushei. Baadaye dawa ikaisha nguvu. Jua lilikuwa limekwisha kuwaka, wenzangu wanajimwagia maji vichwani, nami nikautazama mkono wangu nikaona vinyweleo vimesimama kwa baridi. Kwenye meza ya maji, mama mmoja aliyekuwa akigawa vikombe alinishika kiwiko. "Pole baba, unatetemeka." Nikasema, "Sijambo, mama." Akaniambia, "Hujambo gani hiyo?"

Swali lake lilinifuata hadi kilomita ya 24. Mbele yangu palikuwa na mlima wa Mweka, na nyuma yangu karatasi iliyobandikwa ukutani Mbooni. Nikaketi kando ya barabara, nikaomba msaada. Zahanati walipima damu wakaona malaria, ambayo bila shaka niliipata Kilifi nilikokuwa nimekwenda kukagua wanafunzi walimu majuma mawili kabla. Nikapewa dawa mseto ya siku tatu.

Tangu siku hiyo nimekumbushwa mashujaa wawili mara nyingi sana. Wa kwanza ni John Stephen Akhwari wa Tanzania, ambaye katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka njiani, akaumia goti, na bado akaingia uwanjani akichechemea, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Wa pili ni Kipchoge Keino wetu, ambaye katika michezo hiyo hiyo alikuwa na maradhi ya nyongo, akaanguka katika mbio za mita 10,000, na siku chache baadaye akatwaa dhahabu ya mita 1,500.

Nawaheshimu wote wawili. Hata hivyo, tuzisimulie habari zao kwa akili. Sisi husikia visa vya waliosalimika. Aliyezimia njiani asiamke hana wa kumpigia makofi. Isitoshe, jeraha la goti huonekana na mwenyewe hujua anachokipambania. Homa hujificha. Mwili wenye homa tayari umepashwa joto, na mbio huuongezea jingine. Moyo unalazimika kufanya kazi maradufu, na baadhi ya virusi huweza kuushambulia msuli wa moyo wenyewe. Vidonge vya maumivu huzima kengele bila ya kuuzima moto, na vile vya aina ya ibuprofeni, kwa mtu aliyeishiwa maji mwilini, huweza kuyadhuru mafigo. Mafua mepesi ya puani ni jambo moja. Homa, kifua kinachobana, tumbo la kuhara na maumivu ya mwili mzima ni jambo jingine, na mwenye hayo hastahili kuanza mbio, seuze kuzimaliza.

Mbona basi hatumtaji Eliud Kipchoge wa mwaka 2024? Katika marathoni ya Olimpiki ya Paris, bingwa huyo alisumbuliwa na mgongo, na baada ya kupita kilomita 30 akaacha kukimbia. Hakuwa amewahi kuacha marathoni kabla ya hapo. Wapo waliosema kwamba ameshindwa. Neno hilo lina kauli ya kutendwa: kuna kilichokushinda, nawe umelala chini yake. "Kuacha" ni kitenzi cha mtu mwenye hiari. Kiswahili kimetupa vyote viwili, ila sisi tumezoea kimoja. Tunaye mvumilivu anayekula mbivu, tunaye anayejikaza kisabuni, lakini anayesimama kwa wakati hatujampa sifa yake, ingawa tunasema pia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sitaki nionekane kana kwamba uamuzi wangu haukugharimu kitu. Kilomita 24 zilileta shilingi 48,000. Baadhi ya wahisani walijitolea kulipa ahadi zao kwa ukamilifu. Mzee mmoja alikataa, akasema tulikubaliana kwa kilomita, naye analipa kilomita alizoziona. Nilimpa haki yake. Ahadi ni ahadi. Tulichokipata kilitosha tangi la lita 5,000, badala ya la lita 10,000 tulilolikusudia. Kiangazi kilipokolea likakauka mapema, na watoto wakarudi kubeba vibuyu vya plastiki kutoka nyumbani. Nikipita hapo huwa natazama chini.

Pamoja na hayo, nasisitiza kwamba nilikosea mara moja tu, na kosa lenyewe si kuacha mbio. Ni kuzianza. Ningalisema ukweli Ijumaa jioni, ningaliweza kupimwa mapema, kuwaomba wahisani subira, na kukimbia mbio nyingine baada ya kupona. Uongo wangu wa adabu ndio uliowapunguzia watoto maji.

Jioni ile mama yangu alinipigia simu kutoka Mbooni. Aliniuliza kwa Kikamba, kama anavyoniuliza siku zote, iwapo mimi ni mzima. Kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto nilimjibu kwamba la, mimi ni mgonjwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nimekula nini.