Tarakimu ya Kufuzu na Maana Yake

Tangu mwezi wa Oktoba, 2023, vijana wanasoma Unguja katika tawi la chuo cha Madras, kimoja katika vile vyuo 23 vya ufundi vya India viitwavyo IIT. Hilo lilikuwa tawi la kwanza la vyuo hivyo kufunguliwa nje ya India. Kwa hiyo jina la IIT limeanza kutajwa katika nyumba za wafanya kazi wetu, na pamoja na jina hilo yanatajwa mambo mengi yasiyo sahihi juu ya mitihani ya kuingilia huko India. Hasa watu wameshika tarakimu moja: ati kijana asiyepata 93 kwa mia hana lake. Twaona yafaa jambo hili lielezwe, maana hata huko India wako wazazi wengi wasiolifahamu.

Huko India, atakaye kusoma uhandisi katika vyuo hivyo hana budi kupita mitihani miwili. Wa kwanza ni JEE Main, ambao hufanywa Januari na tena Aprili, na mwenye kuufanya mara zote mbili huhesabiwa matokeo yaliyo bora. Sasa una maswali 75 ya fizikia, kemia na hesabu, na alama zake zote ni 300. Jibu sahihi hupata alama 4. Jibu baya hukatwa alama 1. Watahiniwa ni wengi mno hata hawawezi kuketi siku moja. Hugawanywa kwa zamu, na kila zamu hupewa karatasi yake.

Hapo ndipo matata yanapoanza. Karatasi ya zamu hii huwa ngumu, ya zamu ile huwa nyepesi, na haingekuwa haki kulinganisha alama zake moja kwa moja. Basi kila mtahiniwa hulinganishwa na wenzake wa zamu yake tu, akapewa tarakimu iitwayo pasentaili. Tuseme zamu moja ina watu 100,000. Ikiwa watu 93,000, pamoja na wewe mwenyewe, wamepata alama sawa na zako au pungufu, pasentaili yako ni 93. Si kwamba umejibu sawa maswali 93 katika kila 100. Mtu aweza kufika hapo naye amepata chini ya nusu ya zile alama 300!

Na kiwango cha kufuzu, je? Hakipangwi na waalimu walioketi wakakata shauri ni ujuzi gani umtoshao mhandisi. Hupatikana kwa kuhesabu vichwa. Watu 250,000 hivi ndio wanaoruhusiwa kwenda kwenye mtihani wa pili, na pale hesabu ya kila fungu inapotimia ndipo mstari unapopigwa. Mwaka 2023 mstari wa fungu la jumla ulikuwa pasentaili 90.78. Mwaka 2024 ulipanda hadi 93.24, na wapo waliosema vijana wamezidi akili. Sababu ilikuwa nyingine. Watahiniwa waliongezeka kutoka milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 1.4, na mlango ulibaki upana ule ule. Mwaka 2025 ulikuwa 93.10.

Tumesema fungu la jumla, kwa kuwa India hutenga nafasi: asilimia 15 kwa tabaka zilizokuwa zikitengwa na kuitwa najisi, 7.5 kwa makabila ya asili, 27 kwa jamii nyingine zilizoachwa nyuma, na 10 kwa maskini wasiokuwa katika makundi hayo. Kila fungu lina mstari wake. Mwaka 2024 mstari wa makabila ya asili ulikuwa 46.70, na manung'uniko yalikuwa mengi. Mtu aweza kubishia mgao huo, na huko wanabishana kila siku. Lakini asemaye kwamba 93 ni ujuzi na 46 ni ujinga hajafahamu hesabu yenyewe, maana tarakimu zote mbili zimepatikana kwa njia moja.

Mtihani wa pili, JEE Advanced, ni mgumu zaidi, na mstari wake huyumba vibaya. Ili kuingia katika orodha ya jumla mwaka 2022 zilitosha alama 55 kati ya 360. Mwaka 2024 zilitakiwa 109, na mwaka 2025 zikashuka hadi 74. Wakati huo huo kufuzu si kuingia. Mwaka 2024 walifuzu vijana 48,248, na nafasi katika vyuo vyote 23 zilikuwa 17,740. Zaidi ya 30,000 walifuzu bila kuwa na kiti kinachowangoja. Kiti hutolewa kwa kufuata nafasi ya mtu katika orodha, basi kijana anayesema "nimefuzu" aulizwe kwanza, wa ngapi?

Jambo hili si la mchezo. Katika mji wa Kota, jimbo la Rajasthan, vijana hupelekwa na wazazi wao kukaa miaka miwili au zaidi katika shule za tuisheni, na wazazi wengine hukopa ili kulipa. Katika mwaka 2023 pekee wanafunzi zaidi ya 20 walijiua katika mji huo. Hatusemi kwamba wote walikufa kwa sababu ya tarakimu. Lakini kijana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba pasentaili ndiyo thamani yake amedanganywa, na waliomdanganya ni watu wazima.

Tawi la Unguja lilipoanza lilichagua wanafunzi wake kwa mtihani wake lenyewe na mahojiano, wala halikutumia JEE. Mzazi atakayekwenda kuulizia nafasi huko aziache tarakimu za India, aulize viti ni vingapi, walioomba mwaka uliopita walikuwa wangapi, na ada ni kiasi gani.